Nilipunguzwa tumbo 2018, kilo zimeondoka ila kiungulia kinanimaliza usiku. Kuna aliyepitia hii?

#1 Binti wa Kigamboni
Wakuu habari za jioni. Sijawahi kufungua uzi humu, huwa nasoma napita, ila leo yamenifika shingoni.

2018 nilienda India nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wanaita sliivu, sehemu kubwa ya tumbo inakatwa unabakiziwa kama mrija hivi. Nilikuwa na kilo 127, sukari imeshaanza kuninyemelea, magoti yanalia nikipanda ngazi. Sijuti na naomba hapo nieleweke, nilishuka mpaka 78, sukari ikatulia na nikapata mtoto wa pili ambaye nilishakata tamaa kabisa.

Shida imeanza kama miaka mitatu baadaye. Kwanza kiungulia cha kawaida tu nikasema ni maharage. Kikakua. Sasa hivi saa nane za usiku nashtuka maji machungu yameshafika puani, nakohoa mpaka machozi, sauti asubuhi imekauka kama niliyeshinda mnadani. Juzi mwanangu mkubwa kanikuta nimekaa kwenye kigoda mlangoni jikoni, gizani, kaniuliza "mama unalinda nini?" Sikuwa na jibu.

Omeprazoli, ile dawa ya kushusha asidi, nakunywa tangu 2021, ilianza moja asubuhi, sasa ni asubuhi na jioni na Relcer ya kutuliza kiungulia juu yake. Nikiacha siku mbili ni moto. Daktari wa kwanza alisema vidonda vya tumbo, wa pili akasema mawazo, wa tatu akasema rudi ukafanyiwe baipasi, ule upasuaji mwingine wa kuunganisha tumbo dogo moja kwa moja na utumbo, na hakuna hata mmoja aliyenipima, wote waliongea tu. Waliopitia hii naombeni mnisaidie, hiki kitu kinatoka wapi miaka yote hii baadaye?

#2 Mzee wa Chumbageni
Pole sana binti yangu. Punguza chai ya rangi, kahawa, ndimu, pilipili na nyanya nyingi kwenye mboga. Na usile ukalala hapo hapo. Mimi sijakatwa tumbo ila nilisumbuka miaka, kilichoniponya ni kula saa kumi na mbili jioni basi.

#3 Dogo Mkali
Shortcut hizi ndio matokeo yake, si mngekimbia tu barabarani asubuhi bure bila nauli ya ndege

#4 Mama Wawili Moro
Dogo #3 mtu ana kilo 127 na magoti mabovu unamwambia akimbie? Hujawahi kubeba huo uzito, kaa kimya usome. Dada pole mno, naweka kambi hapa maana mdogo wangu naye kafanya 2020.

#5 Sista wa Wodini
Habari wote. Mimi ni nesi, nimekaa sana upande wa upasuaji, nieleze kidogo kwa nini inatokea maana hapo wengi hawaelezwi.

Tumbo la kawaida ni kama kiriba, linatanuka. Sliivu inaondoa karibu asilimia 80, kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Kiriba kinalegea ukikijaza, mrija haulegei. Kwa hiyo ukila kidogo tu presha inapanda ndani, na chini kule mlango wa kutokea kwenda kwenye utumbo umebaki vilevile unafunga kama zamani, basi njia rahisi ni kurudi juu. Halafu pale umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, unapoingia tumboni pana kona ya asili inayosaidia kuzuia asidi isipande, na kisu kinapita karibu sana na hapo, kona inaharibika. Ndio maana kuna watu hawakuwa na kiungulia kabisa kabla na wakakipata baada. Sio kosa la mgonjwa na sio lazima liwe kosa la aliyekata, hilo umbo lenyewe lina tabia hiyo.

Ila dada, miaka mitano unakunywa dawa bila kupigwa kamera, ile inayopitishwa mdomoni kuangalia umio na tumbo? Hapo ndipo ninapoumia mimi. Wataalamu wa upasuaji huu wanashauri aliyefanya sliivu apigwe kamera ya tumbo baada ya mwaka mmoja, halafu kila miaka miwili au mitatu, HATA KAMA hasikii chochote. Asidi ikiunguza umio muda mrefu ngozi ya ndani inaweza kubadilika, hali hiyo inaitwa Barrett, na yenyewe ikiachwa inaweza kuelekea saratani. Si wote, wachache, lakini hujui uko kundi gani mpaka uangaliwe.

#6 Bi Khole Muscat
Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Unguja niko Muscat, huku sliivu kila nyumba utamkuta mmoja. Nimefanya 2016. Mwaka wa nne nikaanza hivyo hivyo unavosema mwanangu, nikawa nalala nimekaa kwenye kochi kama mlinzi. Kupigwa kamera wakakuta henia, yaani kipande cha tumbo kimepanda juu kimepita kwenye tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, kimeingia kifuani. Ule mrija hauna cha kuushikilia, ukapanda.

2022 wakanigeuza baipasi na henia wakashona. Kiungulia Alhamdulillah kimeondoka, wallahi usiku wa tatu nimelala chali nikalia. Lakini nisikudanganye, baipasi ina yake. Nikila halua kipande tu, moyo unakwenda mbio, jasho, natafuta pa kulala. Damu yangu chini, madini ya chuma natiwa kwa dripu, vitamini kila siku mpaka nife. Umeondosha moja umepata jengine.

#7 Binti wa Kigamboni
Ahsanteni sana. Bi Khole #6 shikamoo, hiyo ya kulala kwenye kochi ndio maisha yangu. Sista #5 kwa kweli hakuna aliyewahi kuniambia habari ya kamera kila miaka miwili, niliporudi nilipewa karatasi ya chakula tu. Hilo tundu la kiwambo linasababishwa na nini? Maana mimi nilibeba mimba 2020 na ukipiga hesabu kiungulia kilianza baada ya kujifungua.

#8 Omosh wa Naks
Sasa wadau. Mimi niko Nakuru na sijafanya hiyo operesheni lakini kiungulia nakijua kama jirani. Hapa kwetu wengi ukipima unapata H. pylori. Hawa wadudu wanakaa tumboni miaka na miaka. Yule daktari wa Australia, Barry Marshall, aliwakunywa mwenyewe 1984 kuonyesha watu kwamba ni wao wanaleta shida ya tumbo, na 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Nilipewa dawa za siku 14, nikapona. Dada ukapime hiyo kwanza kabla mtu akukate tena.

#9 Sista wa Wodini
Omosh #8 hadithi ya Marshall ni kweli, ila wale wadudu wanahusika na vidonda na kuvimba kwa tumbo. Asidi kupanda kwenye umio ni kitu kingine, mtu anaweza kuwa hana mdudu hata mmoja na umio unaungua. Tusichanganye kila moto wa kifuani tukauita vidonda vya tumbo, hicho ndicho alichofanyiwa dada na daktari wa kwanza.

Binti #7 mimba inachangia kweli, mtoto anasukuma tumbo kwenda juu na homoni zinalegeza ule msuli wa mlango wa juu, pale umio unapoingia tumboni. Ila akishatoka presha inaondoka. Sasa kama tundu lilishapanuka huwa halirudi, inaweza ikawa mimba ilifungua mlango ambao sliivu ilishaulegeza. Inaweza.

#10 Omosh wa Naks
Sawa sista, lakini mimi nilikuwa na moto hadi kooni na uliisha na hizo dawa. Hiyo unaelezaje?

#11 Sista wa Wodini
Kwenye hizo dawa za siku 14 mojawapo ni ya kushusha asidi kaka. Wiki mbili ulikuwa unakunywa omeprazoli au ndugu yake bila kujua.

#12 Omosh wa Naks
Haya umenipata hapo 😂 lakini moto haujarudi miaka miwili sasa so bado nashuku

#13 Mpemba Halisi
Marehemu bibi alikuwa anatupa juisi ya kabichi na magadi kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, dakika mbili unacheua unapona. Wanawake wajawazito si wanakula udongo kwa ajili hiyo hiyo

#14 Duka la Dawa Mwenge
Mpemba #13 kwa mwenye tumbo la kawaida magadi yatamtuliza kweli kwa muda, ila yakikutana na asidi yanatoa gesi, ndio huko kucheua. Sasa huyu ana mrija, gesi ile inaenda wapi kama sio juu na asidi nyuma yake? Na chumvichumvi yake sio rafiki wa mwenye presha ya damu. Udongo ndio kabisa, unazuia madini ya chuma na waliokatwa tumbo tayari wana shida ya damu.

Niongee kama muuza dawa maana naona kila siku. Kwanza, omeprazoli inanywewa nusu saa mpaka saa moja KABLA ya kula. Wateja wengi wanameza wakishashiba, au usiku wakienda kulala, halafu wanasema haifanyi kazi. Dawa inakamata zile pampu za asidi zikiwa zinaamka, na kinachoziamsha ni chakula. Pili, ukiizoea miaka ukaikata ghafla, tumbo linatoa asidi kwa fujo kuliko mwanzo, kwa hiyo ule moto wa siku mbili anaousema dada si lazima uwe ugonjwa wenyewe, mwingine ni wa kuacha ghafla. Inapunguzwa pole pole na daktari akijua. Tatu, miaka mingi ya hiyo dawa inashusha vitamini B12 na magneziamu, na sliivu nayo inashusha B12, yaani unapigwa pande mbili. Dada huwa miguu inakufa ganzi?

Na kama kuna mtu bado ana ranitidini za zamani, dawa nyingine ya asidi, kabatini atupe, Marekani mamlaka ya dawa iliwataka watengenezaji wazitoe sokoni 2020.

#15 Binti wa Kigamboni
Mkuu #14 umenishtua. Ganzi ipo kwenye vidole vya miguu karibu mwaka, nikajua ni viatu. Na dawa nilikuwa nakunywa BAADA ya chai. Miaka yote hii.

#16 Fundi Selemala Buza
Mimi nichangie kwa fani yangu. Kuna mteja alikuja na shida hii hii kaambiwa na daktari ainue kitanda upande wa kichwa. Alishajaza mito minne ikawa mbaya zaidi kwa sababu mito inakunja mtu kiunoni tumbo linabanwa. Nikamkatia vipande viwili vya mninga, urefu sentimita 18, nikachonga shimo katikati miguu ya kitanda ikazama ndani isiteleze. Ni upande wa kichwani tu. Alirudi mwezi uliofuata kunishukuru ila akasema mume wake anaamka asubuhi kateleza mpaka miguu iko nje ya neti 😅 nikamwambia funga ubao chini miguuni.

#17 Mama Wawili Moro
Fundi #16 weka bei hapa hapa tuagize 😂 Na kulala ubavu wa kushoto nakazia, nilipokuwa mjamzito ndio ilikuwa inaniokoa, ubavu wa kulia naungua mpaka masikioni.

#18 Sista wa Wodini
Ni kweli, ukilala kushoto tumbo linakuwa chini ya umio, kulia linakuwa juu yake.

#19 Mchagga wa Marangu
Mimi nilete jambo lingine. Kwetu Kilimanjaro saratani ya umio inaua watu sana, na ipo Kenya kule Bomet, na Malawi. Wazee wetu chai wanainywa inachemka, kikombe hakijakaa mezani kimeisha. Mnasema asidi asidi, chai ya moto je? 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani. Dada unakunywaje chai yako?

#20 Sista wa Wodini
Nakushukuru Mchagga, na chai ipoe kweli. Ila ile saratani inayotawala ukanda wetu ni ya aina nyingine, inaanza kwenye ngozi ya kawaida ya umio. Inayohusiana na asidi inaanzia chini karibu na tumbo pale ngozi ilipobadilika. Mgonjwa wa sliivu wa huku kwetu anaweza kuwa na sababu za kuogopa zote mbili, ndio maana nasema kamera.

#21 Kamanda wa Ilala
Vipi kuhusu puto la kuwekwa tumboni kupunguza uzito jamani, nasikia hospitali ya Mloganzila wanaweka, mke wangu anataka. Nalo linaleta kiungulia?

#22 Duka la Dawa Mwenge
Puto halikati kitu, linakaa tumboni miezi kadhaa linatolewa. Kiungulia na kichefuchefu vinakuwepo hasa mwanzoni, wanampa dawa ya asidi muda wote likiwemo. Likitoka linatoka na shida yake. Ila kamanda fungua uzi wako, huu wa dada usipotee.

#23 Kilo Zimerudi
Hakuna aliyeuliza hili, dada uzito wako sasa hivi ni ngapi? Mimi sliivu 2017, nilirudisha kilo 19 na kiungulia kilikuja na kilo ya kumi hivi. Kitambi kinasukuma. Nikaanza sindano za semaglutidi, zile za kupunguza uzito, nikapungua tena, ila miezi ile ya kwanza kiungulia kilikuwa kibaya kuliko mwanzo kwa sababu sindano inachelewesha chakula kutoka tumboni. Kilipotulia ni pale kiuno kilipopungua. Kwa hiyo kwangu mimi ni uzito, sio mrija.

#24 Binti wa Kigamboni
#23 nina 84. Nimeongeza sita tu. Sidhani ndugu yangu.

#25 Tulivu
Naomba niseme hili halafu ninyamaze. Baba yangu alisema ana kiungulia. Alikuwa na miaka 58. Alikunywa dawa za asidi jioni ile, akasema kinapanda mpaka kwenye taya na mkono mzito, tukampa maziwa ya baridi. Alfajiri hakuamka. Ilikuwa moyo. Kiungulia kikija na jasho, mkono, taya, au kikija ukitembea kikaondoka ukipumzika, msisubiri asubuhi tafadhalini.

#26 Mzee wa Chumbageni
Mungu amrehemu mzee. Umetusaidia wengi hapa.

#27 Dogo Mkali
Pole sana Tulivu. Na dada nisamehe kwa #3, mama nimemsomea huu uzi wote, kumbe naye anaamka usiku kila siku na huwa hatuambii

#28 Mama Wawili Moro
Mpeleke akapimwe dogo. Umefanya vizuri.

#29 Binti wa Kigamboni
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimepigwa kamera.

Niseme na ya kamera yenyewe kwa wanaoogopa. Unafunga usiku kucha, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni inakuwa kama umemeza pamba, unalala ubavu wa kushoto unang'ata kipete cha plastiki. Mimi nilichomwa sindano ya usingizi mwepesi, nilisikia kitu kinapita, dada wa pale akanishika bega akaniambia pumua kwa pua, nikashtuka wamemaliza. Ni dakika chache mno kulinganisha na miaka niliyokaa na hofu.

Majibu: umio chini una michubuko, henia ipo ndogo, na mrija pale katikati umejikunja kidogo, si wa kuziba ila chakula kinapita kwa shida. H. pylori hakuna. Wamechukua vinyama vinne wamepeleka maabara kuangalia hiyo Barrett.

Daktari aliyenipima anasema baipasi. Nikatuma majibu kwa mwingine, yeye anasema tushone henia, tutanue hapo palipojikunja kwa puto dogo kwa njia ya kamera, tuone miezi sita. Wote wawili wameongea vizuri na wote wameniacha njia panda.

#30 Omosh wa Naks
Kabla hujapita hapo kwa H. pylori, ulikuwa umeacha omeprazoli siku ngapi kabla ya kipimo? Mimi niliambiwa niache wiki mbili la sivyo wadudu wanajificha.

#31 Binti wa Kigamboni
Sikuacha. Hakuna aliyeniambia niache.

#32 Sista wa Wodini
Hapo Omosh yuko sahihi na nampa haki yake. Ukiwa kwenye dawa ya asidi kipimo kinaweza kusema hakuna wakati wapo. Urudie kwa choo au kwa pumzi baada ya wiki mbili bila hiyo dawa, mwulize daktari utatulizwa na nini kipindi hicho. Usipime kwa damu, ile inaonyesha hata wadudu uliowaua zamani.

#33 Omosh wa Naks
😎

#34 Bi Khole Muscat
Mwanangu mimi naunga mkono baipasi. Kushona henia peke yake mdogo wa shoga yangu alishonwa, mwaka na nusu ikafunguka. Na ujue kwa mtu mwenye sliivu hawawezi kumfanyia ule upasuaji wa kawaida wa kiungulia wa kuzungushia tumbo kwenye umio, maana ile nyama ya kuzungushia ndiyo waliyoikata.

#35 Kilo Zimerudi
Bi Khole #34 lakini amekutwa na mkunjo. Mkunjo ukitanuliwa presha si itashuka yenyewe? Mimi nisingeruka mpaka kwenye kisu kikubwa kabla ya kujaribu kidogo.

#36 Duka la Dawa Mwenge
Dada na ukichagua baipasi sahau diclofenac na ibuprofen za magoti, zinatoboa vidonda pale tumbo linapounganishwa na utumbo. Nakuambia mapema maana wateja wangu wa magoti ni wagumu. Na ile B12 ulipima?

#37 Binti wa Kigamboni
Nimepima, iko chini sana, nimeshachomwa sindano ya tatu. Ganzi imepungua kidole gumba tu. Dawa sasa nakunywa nusu saa kabla ya chai, na chai naiacha ipoe Mchagga. Usiku nashtuka mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Vinyama majibu ni Jumatatu, baipasi au kushona nitaamua nikishayaona.

Fundi Buza nimekutumia ujumbe wa faragha, kitanda ni futi tano kwa sita, miguu ni ya mraba.

#38 Fundi Selemala Buza
Nimeuona. Nipimie upana wa mguu kwa sentimita, ukiweza piga picha na rula pembeni. Na mzee nyumbani anapenda kulala upande gani, nijue ubao wa miguuni niuweke wapi.